Machela Haigusi Udongo

Mpitimbi, Jumamosi

Skola mwanangu,

Wanaojua barua huanza kwa kusema wao ni wazima na hofu ni kwako uliye mbali. Wewe hauko mbali. Uko jikoni, nakusikia kutoka huku nyuma ya ghala la mahindi, unacheka na mama yako, mnakaanga karanga za safari. Ila kesho asubuhi utakuwa mbali kweli, na mdomo wangu unajua kusema mambo yote isipokuwa moja. Kwa hiyo nimechana karatasi kwenye daftari lako la zamani la Jiografia nijaribu mkono. Mkono huu ulisoma mpaka darasa la nne tu, lakini la nne la zamani, siyo hili lenu. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema mwandiko wa Haule umesimama kama mahindi yaliyopata mbolea. Basi soma taratibu, usinikimbize.

Mambo ya shuka, na chandarua, na usishuke Namtumbo kununua mahindi ya kuchoma basi likakuacha, mama yako ameshayasema mara tatu. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo la bega.

Bega langu la kulia unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaishika hii nundu na kuniuliza, "Baba, humu ndani kuna nini?" Nami nakujibu, "Kuna watu." Ukawa unaweka sikio usikie wakiongea.

Sikukudanganya. Kabla ya hicho Kikundi chenu (jina lake sitaliandika, linajiandika lenyewe vya kutosha kwenye fulana) mgonjwa wa kijiji hiki aliyeshindikana zahanati alikuwa anafika hospitali ya misheni juu ya mabega yetu. Mianzi miwili iliyokomaa, blanketi limeshonwa katikati, hiyo ndiyo machela. Watu wanane, wanne wanabeba, wanne wanatembea wakipumzika. Mimi nilikaa kichwani, upande wa kulia, kwa sababu wa kichwani ndiye anayesikia pumzi ya mgonjwa. Hakuna aliyenichagua. Sauti yangu ndiyo iliyosema "Bega!" na wanaume wakainama, basi, huo ndio uchaguzi. Lile jembe bovu lililoning'inia nyuma ya nyumba yetu likigongwa, mtu anaacha palizi katikati ya tuta anakuja. Hakuna mhuri, hakuna katibu, hakuna kibao barabarani. Ukirudi unakula ugali kwa mwenye mgonjwa, mnasimuliana njia, mnalala. Sisi tulikuwa kikundi kabla neno hilo halijapata ofisi.

Na tulikuwa na sheria moja, niliirithi kwa baba yangu naye aliirithi. Machela haigusi udongo njiani. Ukichoka, unabadilisha bega huku unatembea. Mvua ikinyesha, unatembea. Mtoni, maji yanafika kiunoni, unanyanyua. Kinachowekwa chini kabla ya kufika ni maiti, na ukimweka chini mzima umemwonyesha kifo pa kumkuta. Miaka yote niliyokaa kichwani, machela yangu haikugusa udongo hata mara moja. Waulize. Hata wasionipenda watakwambia hivyo, tena wanaanza na hilo.

Halafu akaja Mama Komba.

Wewe unamwita mama. Mimi namkumbuka mjane anayeuza vitumbua, ambaye mumewe nilimbeba mimi mwenyewe kwenye mvua ya Machi, tukamfikisha akiwa hai, akafa siku ya pili kwa mpango wa Mungu na siyo wa bega. Alianza na wanawake sita, kila mmoja anatoa debe la mahindi kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu. Nikasema, hayo ni mambo ya wanawake, yatakufa wakati wa kuvuna. Hayakufa. Shirika moja la mjini likawaona, likawafundisha, likawaletea bajaji ya wagonjwa, ina kitanda na turubai la buluu. Kijiji kizima kilitoka kuipokea. Mimi nilienda shamba.

Kabla haijaanza kazi Mama Komba alikuja hapa nyumbani. Alipiga magoti vizuri, hilo simnyimi.

"Shikamoo, Mzee Haule."

"Marahaba."

"Tumekuja kukuomba. Wewe unazijua njia zote, na unajua mgonjwa anashikwaje. Tunataka uwafundishe watu wetu."

Nikamwuliza, "Hiyo bajaji ina bega?"

"Haina, mzee. Ndiyo maana tumekuja kwako."

Ona jibu hilo, Skola. Mtu mwenye akili angekunywa maji na kusema karibuni. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Akasema, "Basi mzee, mlango wetu uko wazi." Nikamwambia, "Mlango gani? Bajaji haina mlango, ina turubai." Niliona nimempiga. Jioni nikaenda kilabuni kuwasimulia wenzangu, nikawanunulia ulanzi ili wacheke vizuri.

Kilichofuata unakijua kidogo kidogo, lakini hujui kilivyokuwa upande wangu. Watu wakaanza kupiga simu badala ya kugonga jembe. Kasiani, niliyemfundisha mimi kutembea na mgonjwa, hatua fupi, goti laini, akaniacha akaenda kujifunza kuendesha. Kuku wakaanza kulala juu ya mianzi ya machela. Kwenye harusi Mama Komba anawekwa meza ya mbele, mimi nawekwa karibu na spika, masikio yananiuma tu. Mjukuu wa mzee mmoja wa hapa chini, mzee ambaye nilimbeba milima miwili na akapona, akazaliwa ndani ya ile bajaji, akapewa jina la Mama Komba! Bajaji imembeba mara moja. Mimi nilimbeba babu mtu.

Siku wageni wa lile shirika walipokuja kupiga picha nilivaa koti langu la Pasaka, nikasimama kwa nyuma, siyo mbali. Picha ilipoletwa nilijitafuta. Nilikuta sikio langu, nusu.

Ulikuwa wivu. Nimeliandika hilo neno na mkono haujakatika. Mzee mwenye mvi, anayeheshimiwa, nilikuwa na wivu kama mke mkubwa anayesikia chungu kipya kinachemka nyumba ya pili. Na nisikudanganye kwamba umeisha. Sasa hivi nikisikia ile injini inapandisha kilima, kitu kinanishika hapa kooni, na hapo injini inampeleka mtu akapone! Mtu wa aina gani huyo? Ni baba yako.

Sasa nafika penyewe.

Mimba ile ya mwisho ya mama yako ilitushangaza sote. Wewe ulikuwa kidato cha kwanza, bweni, Songea mjini. Uchungu ulianza asubuhi, mkunga akampapasa akasema mtoto amekaa vibaya, mwahisheni hospitali. Jirani akakimbilia simu. Mimi nikakimbilia jembe. Niligonga mwenyewe, kwa nguvu, na nakiri nilifurahi, Mungu anisamehe, mke wangu anaumwa na mimi nafurahi, kwa sababu jembe lilikuwa limekaa kimya muda mrefu. Walikuja watu watano. Nikasema tunatosha.

Tulipanda mlima wa kwanza vizuri. Kwenye kichaka cha mianzi, kabla ya mlima wa pili, tukakutana na bajaji uso kwa uso, inarudi kutoka kumpeleka mgonjwa mwingine, imepigiwa simu njiani. Kasiani akaruka chini.

"Shikamoo mzee. Mshusheni hapa, tumpakie."

"Machela haigusi udongo."

"Siyo udongo, mzee. Natandika turubai."

"Kasiani, nani alikufundisha kutembea na mgonjwa?"

"Ni wewe."

"Basi toka njiani."

Mama Komba naye alikuwemo. Alishuka akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mbele ya watu wangu. "Baba Skola, nakuomba. Bega lako tunalijua sote. Leo acha gurudumu likusaidie."

Likusaidie. Neno hilo ndilo lililonifunga shingo. Angesema lingine, sijui. Hapana, naongopa. Hata angesema lingine.

Hapo, Skola, ndipo mama yako aliposema. Nilikuwa kichwani, mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu, na injini ilikuwa inanguruma, kwa hiyo nilisikia peke yangu. Alisema, "Baba Skola, niteremshe. Nipande."

Nilisikia vizuri. Sikuwa kiziwi wakati ule na sasa pia si kiziwi. Nikaita, "Bega!" Tukatembea.

Bajaji iligeuka ikatufuata nyuma, mwendo wa mguu, mlima wote wa pili mpaka misheni. Kasiani hakupiga honi hata mara moja. Afadhali angepiga, ningemtukana. Injini ilikuwa inanguruma taratibu tu nyuma ya mgongo wangu, kama mtu anayekusubiri umalize kukosea.

Tulifika. Udongo haukuguswa. Muuguzi akatoka mbio na kitanda cha magurudumu, akaniuliza, "Mmekuja na nini?" Nikamjibu, kifua mbele, "Na bega." Akanitazama, akaandika, akaondoka na mama yako. Mdogo wako alitoka hajalia. Muuguzi hakusema kwamba tungewahi angeishi. Hakusema vilevile kwamba asingeishi. Aliosha mikono yake, na mimi nilikuwa natazama ile mikono nikitegemea iseme.

Siku ya msiba watu walikaa hapa uani wakauliza, kama watu wanavyouliza. Imekuwaje? Si bajaji ilikuja? Nikasema, "Mama Skola mwenyewe alikataa kupanda." Ilitoka hivyo, nyepesi, kama mate. Mama yako alikuwa chumbani amelala mkekani, na ukuta wetu unaujua, hata panya akipiga chafya inasikika. Watu wakatega masikio. Mimi pia nilisikiliza. Kisha sauti yake ikatoka, "Ndiyo. Nilikataa."

Ulipokuja kutoka shule siku ya tatu ulikuta neno limeshakomaa. Ulimsimamia mlangoni na sare zako za shule ukamwambia, "Kwa nini hukupanda, mama? Ulikuwa unamwogopa nani?" Akakujibu, "Nilikosea, mwanangu." Ukakataa kula chakula chake siku mbili. Ulikula kwa jirani. Mimi nilikuwa nje nanoa jembe. Nilinoa muda mrefu sana. Jembe lile siku ile lingeweza kunyoa ndevu.

Mwaka wa pili mama yako akajiunga na Kikundi. Nikamwuliza, "Hata wewe?" Akasema, "Hata mimi." Wengine walikuwa wanamtazama kwa pembeni, wananong'onezana huyu ndiye aliyeua mwanawe kwa ubishi. Yeye akaanza kuzunguka nyumba za wajawazito, unamjua anavyosema, umemsikia mwenyewe: "Mwenzangu, mimi nilikataa kupanda, nikazika. Wewe uchungu ukianza, piga simu, panda." Wanawake wanalia, wanapanda, wanajifungua salama. Uongo wangu, Skola, yeye aliugeuza mbegu akapanda kijiji kizima. Na mimi, badala ya kuona haya, nikamwonea wivu na yeye. Kwamba anapigiwa makofi. Kwa uongo ambao niliutunga mimi!

Halafu ukafuata wewe. Ukafundishwa uhudumu wa afya, ukapewa begi na kitabu, nikaona begi limekukaa vizuri begani, bega la kulia, la ukoo wetu. Nilijivuna kilabuni mpaka wakanihama. Lakini wiki tatu zilizopita, pale mkutanoni, Mama Komba aliposimama akasema wanakijiji wa Tunduru wameomba waanzishiwe huduma kama yetu, na Kikundi kimeona kimtume "mwanetu Skola", nilitoka nje. Mwanetu! Wao walikuzaa mwezi gani?

Ulinifuata nyumbani ukaniuliza, "Baba, wewe unasemaje?"

Nikakwambia, "Kamuulize Mama Komba. Si ndiye baba yako?"

Niliona ulivyogeuza uso. Kati ya maneno yote niliyowahi kusema, na nimesema mengi, lile ndilo ningelifukuza barabarani nilirudishe. Tangu siku ile hujaniuliza tena na mimi sijakujibu. Umefunga sanduku bila neno langu.

Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi, mama yako na mimi. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba Skola. Nimekubeba miaka minane. Bega langu limechoka."

Nikasema, "Hukuniambia ni zito."

"Na wewe njiani hukuniuliza."

Akapukuchua gunzi lile akalimaliza, akachukua lingine. "Mtoto asiondoke na uongo ndani ya sanduku. Ukitaka nitamwambia mimi."

Nikamwambia hapana. Huu mzigo nitaufikisha mwenyewe. Ndiyo maana unaniona tangu asubuhi nimekaa huku nyuma na kalamu kama mtu wa kodi.

Basi soma hapa mara mbili. Mama yako hakukataa. Aliomba kupanda, na mimi nikamnyima, kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Kisha nikamtwika kosa langu, na yeye akalibeba bila kuliweka chini hata siku moja. Nilikuwa natamba kijiji kizima kwamba hakuna mbebaji kama mimi, na mbebaji mwenyewe alikuwa ananipikia.

Huko Tunduru utamkuta mzee kama mimi. Usifikiri naongea tu, kila kijiji kina Haule wake. Huyo wa huko atakuwa na kofia yake na tasbihi yake, anatoka msikitini, mikorosho yake imenyooka, na yeye ndiye aliyekuwa akiwabeba watu wao. Msalimie kwanza kabla hujatandika karatasi zako. Mwulize njia. Mwulize mgonjwa anageuzwaje kwenye kona, kwa sababu kweli anajua, sisi wazee hatutambi kwa hewa tupu. Lakini siku mgonjwa akisema niteremshe, msikilize mgonjwa. Usimsikilize mzee, wala Mama Komba, wala fomu, wala mimi baba yako nikija kukutembelea nikiwa na maoni yangu. Nitakuwa nayo, najijua.

Na kuna siku, usicheke, atakuja mwingine na kitu kizuri kuliko bajaji yenu. Watu watampigia makofi yeye, wewe utawekwa karibu na spika. Utasikia kitu kinakushika kooni. Ukisikia hivyo, jua hujarogwa, ni urithi wako kutoka kwangu, pamoja na bega. Kumbuka ile picha ya nusu sikio. Mimi nilitaka nionekane mzima.

Barua hii sitakupa kesho. Ukiisoma ndani ya basi utajua yote halafu mama yako hatakuwepo karibu yako, utaangalia mikorosho tu. Nakupa leo, jua bado liko juu ya milima ya Matogoro, nitakuja hapo mlangoni pa jikoni nikupe mkononi kisha niende zangu kwenye mahindi. Usinifuate. Mimi baadaye. Mgeukie aliye mbele yako na kikaango. Unazo siku mbili za chakula chake za kulipa, na usiku huu kapika likolo la nanyungu, yale majani ya maboga unayoyapenda. Kula, uongeze.

Kesho Kasiani anakuja na bajaji kukupeleka stendi. Nilishasema haitaingia uani kwangu na haitaingia, mimi sijageuka malaika kwa sababu ya karatasi mbili. Itasimama barabarani. Sanduku lako nitalibeba mimi, begani, na mtu asinisaidie. Mama Komba atakuwepo kukuaga, na wale wanawake wote na fulana zao. Wewe simama karibu na mama yako umshike mkono.

Nikifika kwenye bajaji nitalitua sanduku chini. Udongoni, pale njiani, kila mtu anaona. Kisha nitawaambia aliniambia nini mama yako kwenye mianzi.

Halafu Kasiani apakie.

Uliniuliza nasemaje. Nasema nenda.

Baba yako,
Haule, wa kichwani, upande wa kulia